Mayai ya mende yalikuwa ndani ya redio yangu

Ndugu wasomaji, na nyinyi mnaosomewa na watoto kwenye simu kwa sababu macho yamechoka, leo sina habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nina habari ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Ndosho, na si habari ya kunipa sifa. Nimeikalia zaidi ya mwaka. Naiandika sasa kwa sababu wiki hii mama mmoja wa avenyu yetu, aliyewapa wakimbizi wa vita chumba kimoja, aliniambia tukitoka kanisani: "Tangu hawa watu waingie, mende wamejaa kwangu." Nilimjibu kwa ukali kidogo. Baadaye nikaona kwamba mtu aliyesema maneno yale yale hana haki ya kumkalipia, ila ana deni la kumweleza.

Mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia Sake, dada mkubwa wa bibi yangu alifika kwetu na watoto watano na mama mkwe wake, mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Mume wake alikuwa Bukavu akitafuta kazi. Walikuwa na magunia mawili ya nguo, sufuria moja, bidoni mbili na godoro lililofungwa juu ya chukudu, na bibi mzee ameketi juu ya godoro. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba vitatu, imekaa juu ya mawe ya volkano. Sisi tulikuwa sita. Siku ile tukawa kumi na watatu.

Wiki tatu za kwanza tuliishi vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha usiku mmoja nikaamka kunywa maji, nikawasha tochi ya simu jikoni, na ukuta ukatembea. Mende. Wakubwa kwa wadogo, juu ya meza, ndani ya sufuria yenye ukoko wa bugari, kwenye mdomo wa bidoni. Nilikuwa nimezoea kuona mmoja mmoja kama kila mtu wa Goma, hasa wale wakubwa wanaotoka chooni, maana juu ya mawe haya huwezi kuchimba shimo refu na vyoo vyetu viko karibu na mlango. Lakini hawa walikuwa jeshi.

Nikarudi kitandani nikamwambia bibi yangu: "Haya mambo hayakuwa hapa. Yameingia na magunia yao."

Mnajua nyumba za mbao. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakwambia pole. Asubuhi nilimkuta shemeji nje, amemwaga kila kitu cha magunia yale juu ya mawe meusi, nguo moja moja, akikung'uta na kupitisha kidole kwenye kila mshono. Hakunisalimia kwanza, mimi ndiye niliyesalimia. Akaitikia, akaendelea. Jua lilipopanda na mawe yakawaka moto, akageuza nguo upande wa pili. Hakusema neno siku ile, wala siku iliyofuata, na mimi nikalichukua lile kimya kuwa ni ushahidi.

Nitasema na jambo jingine ambalo wakati ule nililifukuza kichwani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, na siku tano baadaye tukaambiwa tuondoke mjini, sisi tulikimbilia Sake pamoja na umati wa watu. Tulilala kwa shemeji huyu huyu, karibu wiki mbili, na watoto wetu wanaharisha. Hakuna aliyeuliza magunia yetu yana nini.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilinunua dawa sokoni. Muuzaji alikuwa nayo ndani ya chupa ndogo ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Akaniambia: "Hii ndiyo kiboko, wakulima wanapigia nyanya na viazi." Nilisikia "wakulima" nikaona ni sifa. Nyumbani nikamimina kwenye ndoo, maji yakawa meupe kama maziwa, nikanyunyiza kwa ufagio ukutani, chini ya vitanda, nyuma ya sufuria. Harufu ilikata koo. Mende walianguka kama mvua, nami nikawaita watoto waone. Niliwaita waone, nasema, ili mjue nilikuwa na akili gani siku ile.

Tulifungua milango saa moja hivi, kisha tukaingia kulala kwa sababu mvua ilianza. Mtoto wa mwisho wa shemeji, wa miaka minne, alilala chini kwenye godoro lao, karibu na ukuta uliolowa dawa. Usiku wa manane mama yake akapiga kelele. Mtoto alikuwa anatoka mate mengi mdomoni, anatapika, jasho limemlowesha kama ametoka ziwani, na macho yake, nilipomulika kwa simu, zile mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Tulimpata mwanamotari mmoja aliyekubali kutoka saa ile. Katika kituo cha afya muganga hakuuliza mengi, alinusa tu nguo za mtoto. Akazivua zote, akaamuru aoshwe mwili mzima kwa sabuni na maji mengi mbele ya kumchoma sindano, kwa sababu dawa ile inapita hata kwenye ngozi. Kisha akaniuliza chupa iko wapi. Sikuwa nimeileta. Akanirudisha kwa pikipiki ile ile kuichukua, na hata hivyo haikumsaidia sana, kwa kuwa haikuwa na jina.

Mtoto alikaa pale siku tatu. Alipona. Sitasema zaidi juu ya zile siku tatu, isipokuwa kwamba shemeji hakunitupia neno hata moja, na mimi nilitamani anitukane.

Kwa hiyo, kabla ya kufika kwenye mayai, pokeeni hili kama tangazo: dawa ya shamba haiingii ndani ya nyumba. Ile inayouzwa ndani ya chupa isiyo na jina msiinunue kabisa, hata ikiwa bei yake ni ndogo kuliko ya sabuni. Mkiona mtu ana mate mengi, jasho, kutapika na pumzi nzito baada ya dawa kupigwa, mtoeni nje kwenye hewa, mvueni nguo, muosheni kwa sabuni, mkimbieni naye kwa waganga na chupa mkononi. Msimlazimishe kutapika. Na anayemuosha ajilinde mikono, kwa mfuko wa plastiki ikiwa hana kitu kingine.

Baada ya ile dawa, nyumba ilikaa safi majuma matatu. Nilijipa moyo kwamba angalau kazi ilifanyika. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, bibi yangu akanyanyua mfuniko wa chombo cha chumvi na kukuta vidudu vidogo, havifiki punje ya mchele, vyeusi, vinakimbia pande zote. Mende watoto. Kesho yake wakawa wengi, na mmoja alikuwa mweupe kama karatasi, hata bibi mzee akasema ni uchawi. Si uchawi. Mende akivua ganda lake ili akue hubaki mweupe kwa muda mfupi, kisha rangi inarudi. Lakini wakati ule sikujua, na nilirudi kwa muganga yule kumuuliza kama nipige dawa tena, ile ya dukani safari hii.

Alinitazama kwa muda. "Papa, uliua wazazi," akasema. "Mayai uliyaacha. Mayai ya mende yamefungwa ndani ya kifuko kigumu, dawa unayonyunyiza haipenyi. Ukipiga leo, watazaliwa mwezi ujao na kukuta nyumba haina wakubwa wa kuwasumbua."

Ningeanza hapo hapo kutafuta hivyo vifuko, lakini wiki ile ile akaja mwenye nyumba. Jirani alikuwa amemwambia kwamba kwangu watu ni wengi na wadudu wamevuka hadi kwake. Akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema kwa heshima, kwa maana yeye si mtu mbaya: "Wageni wako wameleta wadudu. Mwisho wa mwezi wa ine waondoke, la sivyo mtaondoka wote." Shemeji alikuwa anapepeta maharagi umbali wa hatua tatu. Siku mbili baadaye alimchukua mtoto wake mkubwa wakaenda upande wa Mugunga kutafuta nafasi ya kusimamisha hema. Aliporudi akasema wamepata mahali, ila turubai ndiyo bado.

Siku hiyo ndipo bibi yangu alipolia, na ndipo mimi nilipoanza kuhamisha vitu.

Tulianza na kabati la vyombo. Ni zito, la mti wa zamani, na lilikuwa halijasogezwa tangu tuliporudi kutoka Sake mwezi wa sita 2021, kwa sababu tulipolirudisha kwenye ukuta lilivunja mguu mmoja na tukaogopa kuligusa tena. Watu wanne tulilisukuma. Nyuma yake ubao wa ukuta ulikuwa umepandwa vitu vidogo vya kahawia, mistari kwa mistari, kwenye kona na kwenye kila ufa. Nilifikiri ni mavi ya panya. Shemeji akapiga magoti, akabandua kimoja kwa ncha ya kisu, akakiweka kiganjani mwangu.

"Shemeji, mavi ya panya yana ncha, na ukiyasaga yanakuwa unga. Hii angalia. Iko na mshono."

Kweli. Kilikuwa kama haragi dogo lililobanwa, kigumu, na upande mmoja kina ukingo uliochongoka kama zipu ya koti. Alinifundisha kukibonyeza kwa ukucha. Kilicho kizima ni kizito kidogo na ukikipasua kinatoa maji. Kilichokwisha kuzaa ni chepesi kama pumba na kimefunguka kwenye ule mshono, kama mdomo wa pochi. Vingine vilikuwa na tundu dogo la duara ubavuni. Hivyo, akasema, usihangaike navyo. Baadaye nilisoma kwamba kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya mende na watoto wao wanayala, na tundu lile ndilo mlango wao wa kutokea. Kambini alikuwa amejifunzia wapi haya yote? Hakuwa amewahi kukaa kambini. Alijifunzia dukani kwake Sake, alikokuwa akiuza sabuni, sukari na biskuti, na mende ndio waliokuwa wezi wake wa kwanza.

Tulihesabu. Nyuma ya kabati peke yake tulibandua vifuko sitini na vinne. Arobaini na kimoja vilikuwa wazi, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vimefunikwa na masizi ya mbabula na vumbi lililogandamana, ukikisugua kwa kidole unaona rangi ya kahawia chini ya weusi. Masizi ya namna ile hayakai kwa wiki sita. Shemeji hakusema hivyo. Aliniachia nifikiri mwenyewe, na mimi nilichukua muda, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa wazi na nilikuwa natafuta mlango wa kuukwepa.

Mende mkubwa mwekundu wa chooni hutaga kifuko cheusi-kahawia chenye urefu usiofika sentimita moja, mayai kama kumi na sita hivi ndani yake. Hakibebi muda mrefu. Baada ya siku moja au mbili anakiacha, mara nyingi anakigandisha kwenye ufa kwa mate yake, na inachukua zaidi ya mwezi mmoja hadi watoto watoke. Kisha watoto hao wanahitaji miezi mingi, wengine karibu mwaka, mpaka wawe wakubwa. Yule mdogo wa jikoni, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, yeye ni tofauti. Jike lake linatembea na kifuko kwenye mkia, rangi ya kahawia hafifu, mayai thelathini hadi arobaini, na linakiachia mayai yanapokaribia kupasuka, baada ya wiki tatu au nne. Ndiyo maana kwa huyu utaokota zaidi maganda matupu, na ndiyo maana ukiua jike lenye kifuko usiliache sakafuni: likihisi dawa linaweza kukidondosha, na mayai yaliyokaribia kuiva yakapasuka hata kama mama amekufa. Ukilikanyaga, angalia pia chini ya kandambili yako.

Sasa fanyeni hesabu ambayo mimi nilikwepa kuifanya. Wageni waliingia katikati ya mwezi wa pili. Wiki tatu baadaye niliona mende wakubwa kwa mamia. Yai lililoingia na gunia lao, hata kama lingepasuka, lisingekuwa limefika kuwa mende mwenye mabawa. Kilichobadilika ni chakula. Tulikuwa kumi na watatu, tunapika mara mbili na kula kwa zamu, vyombo vinalala bila kuoshwa kwa sababu maji ya bidoni hayatoshi, makombo yanaanguka kila kona. Mende waliokuwa wamejificha kwangu kwa miaka walitoka kwenye karamu.

Mtoto wangu wa pili ndiye aliyeuliza kama tumeangalia redio.

Wengi wenu mnaijua ile redio kwa kuisikia nikirekodi. Kubwa, ya mitumba, niliinunua Birere, na inakaa juu ya rafu kwenye chumba cha mbele, imewashwa toka asubuhi mpaka usiku. Nilikataa. Nikasema redio haina chakula. Shemeji akasema: "Iko na joto." Nikachukua bisibisi nikafungua mgongo. Karibu na ile sehemu inayopata moto, vifuko tisa, vidogo kuliko vya jikoni, vimegandishwa kwenye plastiki na juu ya nyaya, na mende wenyewe, wa aina ile inayopenda mahali pa juu na pakavu, nyuma ya picha, ndani ya saa, ndani ya vyombo vya umeme. Wakakimbia juu ya mikono yangu. Kila jioni niliketi kando ya chombo hicho nikisikiliza na kuandika habari za wakimbizi.

Niliomba msamaha hapo hapo, mbele ya watoto, na nilikuwa bado nimeshika bisibisi. Shemeji akasema, "Shika vizuri hiyo tochi." Ndiyo jibu alilonipa.

Mwenye nyumba nilimpelekea vifuko vyote juu ya sahani nyeupe, vilivyo wazi upande mmoja, vizima upande mwingine, pamoja na kipande cha ubao chenye masizi. Nilijiona kama mtu anayepeleka posa. Alivaa miwani, akaangalia muda mrefu, akauliza kabati limekaa pale tangu lini. Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena. Mwishoni akasema wageni wakae, ila nifukie nyufa za ukuta kwa gharama yangu. Jioni ile nilisikia kwake kelele za kusukuma kabati.

Hiyo ilikuwa mwezi wa ine. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga, watu wakafa, wakiwemo wanawake na watoto. Sikuwahi kumuuliza shemeji ile nafasi waliyoipata ilikuwa upande gani hasa.

Kazi yenyewe ya kuwamaliza ilichukua miezi miwili na nusu, na nawaambia wazi ili msikate tamaa wiki ya pili. Mtoto alipotoka kwa waganga mama yake alikuwa amekataa sumu yoyote isiingie tena, kwa hiyo tulianza na mikono. Kila Jumamosi vitu vinahamishwa, kabati, vitanda, mafremu ya picha, katoni. Vifuko vinabanduliwa kwa kisu au kipande cha kopo, vinaangushwa ndani ya kopo lenye maji ya moto na sabuni, au vinatupwa moja kwa moja kwenye mbabula inayowaka. Usivifagie nje ya mlango. Vitazaliwa huko na kurudi. Nyufa tulizimwagia maji yaliyochemka kwanza, hapo ambapo mbao zinaweza kuvumilia, halafu tukaziziba kwa saruji kidogo upande wa chini na kwa magazeti yaliyoloweshwa gundi ya unga upande wa juu. Hiyo gundi ya unga lilikuwa kosa langu, mende wanaila. Tulibandua tukaweka udongo uliochanganywa na majivu.

Mende wazima tuliwanasa kwa makopo ya maziwa. Unapaka mafuta ya mgando ndani, vidole viwili chini ya mdomo, unatia kipande cha mkate au kichwa cha sambaza, unazungushia kitambaa kwa nje ili wapate pa kushika wakipanda. Wanaingia, hawawezi kutoka. Asubuhi unamwaga maji ya sabuni. Na sabuni peke yake, ya kufulia, ikiyeyushwa na kurushwa juu ya mende, inamuua, kwa sababu anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni na sabuni inaviziba. Wiki ya kwanza kopo moja lilinasa hamsini na kitu. Wiki ya sita watatu. Muganga alinishauri pia poda nyeupe ya asidi ya boriki kutoka famasi, ichanganywe na sukari na unga kidogo. Inafanya kazi polepole, na haigusi mayai, lakini wanaozaliwa baadaye wanaikuta. Tuliiweka mahali pamoja tu, nyuma ya ubao tulioupigilia misumari, kwa idhini ya shemeji. Penye watoto wanaotambaa au penye unga wa chakula msiiweke kabisa. Nyeupe na nyeupe zinafanana.

La maana zaidi lilikuwa usiku. Vyombo vinaoshwa hata kwa maji kidogo, na kama maji hakuna, vinafunikwa ndani ya beseni lililogeuzwa na kusukumwa mbali na ukuta. Bidoni zinafungwa na kupanguswa kwa nje, maana mende anaweza kukaa na njaa siku nyingi lakini kiu haimpi nafasi. Unga ndani ya ndoo yenye mfuniko. Katoni za sokoni zinachomwa siku ile ile. Mimi nilikuwa na mlima wa katoni za magazeti ya zamani. Ulikwenda wote.

Kwa walio ndani ya mahema, najua hamna kabati la kusukuma. Angalieni mikunjo ya turubai inapogusa ardhi, chini ya mbao za kitanda, kwenye mishono ya magunia ya msaada na ndani ya tundu za matofali yanayoshikilia hema. Nguo zitandazwe juu ya mawe jua linapowaka, mishono nje, na mpitishe kidole kama alivyofanya shemeji. Na mkipokewa kwenye nyumba ya mtu, kung'uteni magunia nje mbele ya kuingia, si kwa aibu, ila ili baadaye pasiwe na maneno. Na wewe unayepokea, sogeza kabati lako siku hiyo hiyo.

Jirani yangu wa kanisani, nimekuja kwako na tochi kama nilivyoahidi, na uliyaona mwenyewe yaliyo nyuma ya friji.

Shemeji alirudi Sake mwaka 2025, baada ya kambi zilizozunguka Goma kuondolewa na watu wengi kuelekea makwao. Nyumba aliikuta bila milango na bila mabati upande mmoja, lakini duka lake dogo lilikuwa na rafu zake. Alinipigia simu siku ya tatu. Nikasikia kisu kikikwaruza mbao. Akasema nyuma ya rafu ya kwanza amehesabu kumi na tisa. Nikamuuliza vingapi viko wazi.

"Ngoja kwanza," akasema, "maji yamechemka."